Mvuvi wa Thagana na Baraza la Wazee: Je, Haki Isiyoandikwa ni Haki?

Utangulizi

Anapotajwa mvuvi nchini Kenya, fikra za wengi huelekea Lamu, Vanga au Ziwa Viktoria. Ni nadra mtu kuikumbuka Embu. Hata hivyo, kusini mwa kaunti hiyo, katika nchi kavu ya Wambeere, watu huamka kabla ya alfajiri kutega na kutegua nyavu katika mabwawa ya mto Tana, mto ambao wenyeji wa bonde la juu wameuita Thagana tangu jadi. Perege na kambare wanaovuliwa humo huliwa Embu, Machakos, Kitui na hata Nairobi. Mvuvi huyu haonekani katika vitabu vya historia ya uvuvi, haimbwi katika mashairi ya bahari, na katika vikao vinavyoamua hatima ya maji anayoyategemea ni nadra sana kualikwa.

Suala linalohitaji kujadiliwa ni hili: je, mvuvi wa aina hii ana haki yoyote ya jadi juu ya maji na ufuo anaoutumia? Na kama anayo, je, mabaraza ya wazee ya Mlima Kenya, yaani Njuri Ncheke ya Wameru, Nyangi Ndiiriri ya Waembu na viama vya Wambeere, yana nafasi gani katika kuilinda? Wapo wanaojibu kwa haraka kwamba hakuna haki wala nafasi, kwa kuwa wakazi wa mlima hawakuwa wavuvi. Jibu hilo lina sura ya ukweli, lakini linakosea kuhusu mila yenyewe ni nini. Mila ya maji katika Meru na Embu haikuwa mila ya samaki. Ilikuwa mila ya namna watu wasio wa ukoo mmoja wanavyoweza kutumia kitu kimoja bila kumwaga damu. Hiyo ndiyo mila inayohitajika katika fuo za Thagana leo.

Mabwawa na kuzaliwa kwa mvuvi

Ni kweli kwamba zamani jamii nyingi za Mlima Kenya hazikula samaki. Mito ilikuwa mingi na samaki walikuwamo, lakini kitoweo hicho kilihesabiwa kuwa si chakula cha watu wa heshima. Sheria za uvuvi zilipofika milimani wakati wa ukoloni, hazikuja kwa ajili ya kumlisha mwenyeji. Mwaka 1905 samaki aina ya trauti waliletwa kutoka Uingereza na kutiwa katika mto Gura, kwenye safu za Aberdare, na baadaye wakaenea katika mito ya baridi ya Mlima Kenya. Walikuwa samaki wa burudani ya walowezi, waliovuliwa kwa fimbo na ndoana na kwa kibali maalumu. Kwa hiyo, tangu mwanzo, mwenyeji aliuona uvuvi kama jambo la serikali na la mgeni, wala si la baraza lake.

Hali ilibadilika mabwawa yalipojengwa. Kindaruma lilikamilika mwaka 1968, Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981, na Kiambere mwaka 1988. Kwa muda wa miaka 20 mto uliokuwa ukipita kwa kasi katika magenge uligeuka kuwa msururu wa maziwa. Masinga peke yake, likijaa, hufunika eneo la takribani kilomita mraba 120. Upande mmoja wa maji hayo ni Embu. Upande wa pili ni Machakos na Kitui.

Mabwawa hayo yalijengwa kwa ajili ya umeme, na taifa limefaidika kwa umeme huo. Lakini faida ya taifa ilikuwa na gharama yake mahali fulani. Maelfu ya watu walihama kupisha maji. Wengine, kama ilivyokuwa Kiambere, walipewa fidia ya fedha taslimu iliyoisha upesi kuliko ardhi iliyopotea. Mashamba ya kando ya mto, ambayo ndiyo yaliyokuwa na rutuba katika nchi ya ukame, yalizama. Palipokuwa na malisho ya kiangazi pakawa na kina cha maji. Aliyebaki ukingoni hakuwa na budi kuyageukia maji yaleyale yaliyomnyang'anya.

Ndipo walipokuja walimu wa kazi hiyo. Wavuvi kutoka maeneo ya Ziwa Viktoria, wengi wao Waluo, walifika na nyavu, ufundi wa mitumbwi na uzoefu wa masoko. Wakamba wa ng'ambo na Wambeere wa upande huu wakajifunza kwao. Katika kizazi kimoja, watu ambao babu zao hawakumla samaki wakawa wanaishi kwa samaki. Hivyo jamii ya wavuvi wa Thagana ilizaliwa ikiwa mchanganyiko: haina lugha moja ya mama, haina ukoo mmoja wala babu mmoja. Kinachoiunganisha ni kazi na maji.

Mila iliyokuwapo kabla ya samaki

Kama jamii hii ni changa na imechanganyika, itawezaje kudai haki ya jadi? Hapa ndipo panapohitaji uangalifu. Wanaodhani kwamba mila ni orodha ya vitu vilivyofanywa na mababu watasema haiwezekani. Lakini mila ya utawala ni utaratibu wa kuamua: nani anaruhusiwa, kwa masharti gani, akikosa ahukumiwe na nani, na akihukumiwa alipe nini. Utaratibu huo ulikuwapo Embu, Mbeere na Meru karne nyingi kabla ya mfereji wa kwanza wa saruji.

Katika jamii hizi ardhi ilikuwa ya ukoo, lakini matumizi yake hayakufungwa ndani ya ukoo. Mtu aliyekuja kutoka mbali bila ardhi aliweza kwenda kwa wazee wenye eneo, akaomba, akapokelewa kama muhoi. Muhoi alilima, alifuga na kujenga, ingawa hakuwa mwenye ardhi. Alikuwa na wajibu wa heshima kwa waliompokea, nao walikuwa na wajibu wa kutomfukuza bila sababu iliyopimwa na baraza. Hakuwa mwenyeji, wala hakuwa mvamizi. Alikuwa na hadhi ya tatu, ambayo sheria za kisasa mara nyingi hazina jina lake.

Wameru nao walikuwa na gichiaro, yaani udugu wa kiapo uliofungwa kati ya koo au jamii mbili zilizokuwa na sababu ya kuogopana. Waliofungwa na gichiaro hawakuweza kudhuriana wala kunyimana haja ya lazima. Aliyeuvunja udugu huo hakuogopa faini tu, aliogopa laana. Palipotokea mgogoro uliokosa shahidi, wazee waliweza kuamuru kiapo cha mbuzi, na ni wachache waliothubutu kuapa uongo. Juu ya yote hayo, katika Meru, lilisimama Njuri Ncheke, baraza la wazee waliochujwa kutoka mabaraza ya ngazi za chini, ambalo mpaka leo makao yake ni Nchiru. Baraza hilo lilikuwa na neno la mwisho katika migogoro ya ardhi, na ulinzi wa vichaka vitakatifu, kama ule msitu wa Giitune, umetegemea mamlaka yake kuliko ulivyotegemea askari wa misitu.

Wataalamu wameyaandika mambo haya. H. S. K. Mwaniki alikusanya historia simulizi ya Embu na Mbeere katika kitabu kilichotoka mwaka 1973. Jack Glazier, katika kitabu chake cha mwaka 1985 kuhusu ardhi na matumizi ya mapokeo miongoni mwa Wambeere, alionyesha jinsi koo zilivyoyatumia masimulizi ya kale kushindania ardhi wakati wa upimaji uliofuata Sheria ya Upimaji wa Ardhi ya mwaka 1968. Upimaji huo ulikata ardhi ya koo vipande vipande na kumpa kila mtu hati yake. Hadhi ya muhoi haikupata mahali katika hati hizo. Aliyekuwa na haki ya kutumia bila kumiliki akajikuta hana kitu, maana karatasi ilijua kumiliki tu.

Mwanafunzi wa Kiswahili ana sababu ya ziada ya kulifuatilia suala hili. H. E. Lambert, afisa wa serikali ya kikoloni aliyefanya kazi Meru katika miaka ya 1930 na ambaye jina lake limefungamana na kutambuliwa rasmi kwa Njuri Ncheke, ndiye Lambert yuleyule aliyechunguza lahaja za Kiswahili za pwani ya Kenya, zikiwamo Kivumba na Kichifundi, ambazo wasemaji wake ni wavuvi wa Vanga, Wasini na Shimoni. Alikuwa mtumishi wa dola ya kigeni, na utambuzi wake wa baraza ulikuwa na shabaha za utawala. Hata hivyo, kazi yake inaonyesha kwamba baraza la mlimani na lugha ya ufukweni viliwahi kusomwa na macho ya mtu mmoja. Ni ajabu kwamba wasomi wa leo huviweka katika vyumba viwili visivyo na mlango kati yake.

Sheria ya leo yasemaje?

Haiwezi kusemwa kwamba sheria ya Kenya imemsahau mvuvi kabisa. Kanuni za mwaka 2007 ziliunda Vitengo vya Usimamizi wa Fuo, ambavyo wavuvi wenyewe huviita BMU, na Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016 ikaviendeleza. Kupitia vitengo hivyo, wenye vyombo, mabaharia wao na wachuuzi wa samaki hukutana, huchagua viongozi, huweka kumbukumbu za mavuno na kusaidia kupambana na nyavu haramu. Ni hatua nzuri, nao wanaovibeza hawajaona ufuo usio na kitengo chochote.

Hata hivyo, BMU ni mtoto wa wizara. Mamlaka yake hutoka juu na yanaweza kurudi juu. Kitengo kinaweza kumzuia mvuvi mwenye wavu wa macho madogo, lakini hakiwezi kuizuia mamlaka ya umeme kushusha maji wakati samaki wanataga. Jambo hili ni zito kuliko linavyosikika. Katika mabwawa ya Thagana kiwango cha maji hupanda na kushuka kufuatana na mvua na mahitaji ya umeme. Kikishuka ghafla, kingo zenye maji haba, ambamo perege hufanya viota, hubaki wazi juani. Mvuvi aliyeheshimu sheria zote za nyavu hukuta kizazi kizima cha samaki kimekauka kwa uamuzi uliofanywa mbali naye. Anaulizwa kwa nini mavuno yamepungua, ilhali hakuulizwa maji yashushwe lini.

Katiba ya mwaka 2010 nayo inafungua mlango kwa mkono mmoja na kuushikilia kwa mkono wa pili. Kifungu cha 62 kinaifanya mito, maziwa na maji mengine kuwa ardhi ya umma. Kifungu cha 63 kinatambua ardhi ya jamii, na kutaja misitu ya jamii, malisho na mahali pa ibada za jadi, lakini hakikutaja ufuo wa wavuvi. Jedwali la Nne linaweka uvuvi wa kilimo na ufugaji chini ya serikali za kaunti, na papo hapo linaorodhesha uvuvi katika ulinzi wa mazingira chini ya serikali ya taifa. Mvuvi wa Kamburu ana kaunti mbele yake, wizara nyuma yake, kampuni ya umeme kulia na mamlaka ya mto kushoto, na karibu na hapo Hifadhi ya Mwea yenye mipaka na askari wake. Wote hao wana barua za mamlaka. Yeye ana leseni ya mwaka mmoja.

Pamoja na hayo, katika Katiba hiyohiyo mna mbegu. Kifungu cha 60 kinahimiza migogoro ya ardhi itatuliwe kwa njia za jamii zinazotambuliwa. Kifungu cha 69 kinaiagiza serikali ihakikishe manufaa ya maliasili yanagawanywa kwa haki. Kifungu cha 159 kinaziagiza mahakama kukuza njia za jadi za usuluhishi, ilimradi zisivunje haki za binadamu wala zisipingane na Katiba. Tena, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016, inapoeleza jamii ni nini, haitaji ukoo na kabila tu. Inataja pia mfumo wa kipekee wa kujipatia riziki na mazingira ya pamoja. Kwa maana hiyo, Mluo, Mkamba na Mmbeere wanaovua bwawa moja wanaweza kuhesabiwa kuwa jamii moja, si kwa damu bali kwa kazi. Sheria imefika mahali ambapo muhoi na gichiaro vilikuwa vimefika zamani. Kinachokosekana ni mtu wa kuvikutanisha.

Funzo kutoka Lamu

Mapokeo ya Wameru husimulia kwamba mababu zao walitoka Mbwaa, kisiwani, walikotumikishwa na watu walioitwa Nguo Ntuni, yaani wenye mavazi mekundu, kisha wakatoroka kwa kuvuka maji makubwa wakiongozwa na Koomenjwe. Mwanahistoria Jeffrey Fadiman aliihusisha Mbwaa na kisiwa cha Manda, jirani na Lamu. Si wanahistoria wote wanaokubali, na masimulizi ya asili hubeba maana nyingi zaidi ya ramani. Lakini liwe kweli au la, ni jambo la kutafakarisha kwamba ghuba ya Manda, inayohusishwa na chimbuko la Wameru, ndiko kulikozuka kesi kubwa ya haki za wavuvi wadogo nchini Kenya.

Bandari ya Lamu ilipoanza kujengwa chini ya mradi wa LAPSSET, wavuvi waliona njia zao zikifungwa, mikoko ikikatwa na maji yakichafuliwa kwa uchimbaji wa kina. Walikwenda mahakamani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zao zilikiukwa, ikiwamo haki ya kushirikishwa, ya mazingira safi na ya utamaduni, na ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya takribani shilingi bilioni 1.76. Utekelezaji wake uliandamwa na rufaa na mazungumzo marefu, kwa hiyo asiyajue mtu magumu yake akadhani ilikuwa karamu. Hata hivyo, msingi uliwekwa: uvuvi wa jadi ni haki inayoweza kusimama mbele ya mradi mkubwa wa taifa na kudai jibu.

Kuna tofauti kati ya Lamu na Embu. Lamu mvuvi alikuwapo, ndipo mradi ukaja. Embu mradi ulikuja, ndipo mvuvi akazaliwa. Mwanasheria wa serikali anaweza kusema kwamba wa Embu ni zao la mradi, basi hana la kuudai. Lakini aliyezaliwa na mradi hakushuka kutoka mawinguni. Ni mjukuu wa aliyezamishiwa shamba. Haki yake ya kuvua haikuanza siku alipotupa wavu. Ilianza siku ukoo wake ulipopoteza ukingo wa mto, na uvuvi ndio umbo jipya la dai lilelile la kale.

Pingamizi zinazostahili kujibiwa

Pingamizi la kwanza ni kwamba mabaraza ya wazee yamewatenga wanawake na vijana. Hili ni kweli, na halifai kupambwa kwa maneno. Njuri Ncheke ni baraza la wanaume, na katika fuo za Thagana wanawake ndio wengi wa wanaopara, wanaokausha, wanaokaanga na kuuza samaki. Baraza litakaloamua mambo ya ufuo bila wao litaamua nusu ya jambo. Ndiyo sababu pendekezo la busara si kuukabidhi ufuo kwa wazee, bali kuwapa wazee kazi waliyoizoea, yaani usuluhishi na kiapo cha amani kati ya majirani, huku uongozi wa kila siku ukibaki kwa kitengo kilichochaguliwa na watu wote wa kazi hiyo, wake kwa waume. Kifungu cha 159 tayari kinaweka mpaka: mila itakayomnyima mwanamke haki haitasimama.

Pingamizi la pili ni kwamba mabaraza haya yameingiliwa na siasa, na kila uchaguzi unapokaribia wanasiasa huenda kuvishwa majoho na kupewa fimbo. Nalo ni kweli. Lakini dawa ya baraza lililojaa siasa ni kulirudishia kazi halisi. Mzee anayesikiliza shauri la nyavu zilizokatwa usiku, mbele ya aliyekata na aliyekatiwa, hana nafasi ya kuhubiri kampeni. Baraza lisilo na kazi ndilo hugeuka jukwaa.

La tatu, na lenye nguvu zaidi, ni kwamba kuwapa wenyeji usemi juu ya maji kutawafukuza wageni. Hofu hii si ya bure katika nchi ambayo neno 'mwenyeji' limewahi kunolewa kama panga. Kaunti za Embu, Machakos na Kitui zenyewe zimezozana juu ya nani anufaike na mabwawa. Lakini ni hapa hasa ambapo mila ya uhoi inafaa kukumbukwa. Haikuwa mila ya kumfukuza mgeni. Ilikuwa mila ya kumpokea kwa masharti yanayojulikana. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga, na katika fuo za Thagana methali hiyo ni historia tupu, kwa kuwa mgeni ndiye aliyemfundisha mwenyeji kazi. Kinachomweka mgeni hatarini ni kutokuwapo kwa utaratibu wowote isipokuwa nguvu, maana pasipo na baraza kila ugomvi wa wavu huwa ugomvi wa kabila.

Wapo pia watakaosema kwamba uvuvi wa mabwawa una siku chache, kwani samaki wa mabwawani watapitwa na samaki wa vidimbwi. Ni kweli kwamba tangu mpango wa kufufua uchumi wa mwaka 2009, ambao ulilenga vidimbwi 200 katika kila mojawapo ya maeneo bunge 140, ufugaji wa samaki umeingia Meru na Embu, na mradi mwingine wa ufugaji wa kibiashara ulioanza mwaka 2018 umezifikia kaunti hizo. Lakini kidimbwi kinahitaji ardhi yenye hati, maji ya bomba au mfereji, na mtaji wa chakula cha samaki. Asiye na ardhi hana kidimbwi. Kwake, bwawa la umma ndilo shamba lake pekee.

Lugha ya ufuoni

Jamii ya Thagana ina lugha tatu au nne za mama, lakini ina lugha moja ya kazi. Bei ya samaki, onyo la kiboko aliyeonekana, lawama za wavu uliopotea na pole za msiba husemwa kwa Kiswahili. Kanuni zinazowatawala zimeandikwa kwa Kiingereza. Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi, lakini mvuvi anatia sahihi masharti ambayo hangeweza kuyasoma kwa sauti mbele ya wenzake. Mtu hawezi kulinda haki ambayo hajaisikia kwa lugha anayogombania.

Hapa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana kazi ambayo hakuna mwingine atakayeifanya. Pwani ina msamiati mpana wa uvuvi: dago la wavuvi, bamvua na maji mafu, dema, jarife na nyavu za kila aina. Ziwa Viktoria limeleta wake, ukiwamo mwalo. Mlima una muhoi, gichiaro, kiama na Njuri. Maneno haya bado hayajakaa katika ukurasa mmoja. Sheria ndogo ya ufuo iliyoandikwa kwa Kiswahili chenye misamiati yote hiyo ingekuwa hati ya haki na pia mchango kwa lugha. Kuacha kazi hiyo kwa wizara ni kuisubiri mvua ya masika mwezi wa Agosti.

Hitimisho

Mambo manne yanafaa kudaiwa. Kwanza, mamlaka zinazoendesha mabwawa ziwe na wajibu wa kuwaarifu na kuwasikiliza wavuvi kabla ya kushusha maji, hasa katika majira ya samaki kutaga. Pili, serikali za kaunti za Embu, Machakos na Kitui zitambue kwa pamoja fuo za wavuvi na njia za kuzifikia, ili mwenye hati ya shamba la ukingoni asiweze kufunga njia iliyopitwa kwa miaka 40. Tatu, mabaraza ya wazee ya pande zote mbili za mto, yakiwa na wanawake wa kazi hiyo ndani yake, yapewe nafasi rasmi ya usuluhishi chini ya Kifungu cha 159, na hadhi ya mgeni aliyepokewa iandikwe. Nne, kanuni zote za ufuo zitolewe kwa Kiswahili.

Madai haya hayaombi kurudi katika zama za kale. Mwongozo wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa kuhusu wavuvi wadogo, uliopitishwa mwaka 2014, unazitaka nchi ziheshimu haki za kimila za jamii za wavuvi pamoja na usawa wa jinsia, bila kuona ugomvi kati ya mambo hayo mawili. Mzee wa Mbeere angeuelewa bila mkalimani.

Haki isiyoandikwa ni haki, lakini ni haki inayokaa gizani, na gizani kila mwenye taa hujichukulia. Wavuvi wa Thagana wamekuwa wakitoa chakula kutoka katika maji yaliyozamisha mashamba yao. Taifa limekwisha kuchukua umeme wa mto huo. Si mengi kulitaka, kabla ya kuyashusha maji tena, litume mtu ufuoni aulize.